Shule za Kisarawe na Kibaha na Deni la Waliosoma Humo

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa njia ya Pugu hupanda vilima vyenye msitu kabla ya kuingia Kisarawe. Yule afuataye barabara ya Morogoro hufika Kibaha baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 40. Katika eneo hili la njia mbili, kwa muda uzidio karne moja, zimesimama shule ambazo jina lao limevuka mipaka ya nchi: shule za misheni ya Kilutheri za Kisarawe na Maneromango, Chuo cha Mtakatifu Andrea cha Minaki, Chuo cha Mtakatifu Fransisko cha Pugu, na Shule ya Sekondari ya Kibaha. Kati ya Marais wanne wa kwanza wa nchi hii, watatu wamepitia hapa. Julius Kambarage Nyerere alifundisha Pugu, Benjamin William Mkapa alisoma Pugu, na Jakaya Mrisho Kikwete alisoma Kibaha.

Hata hivyo, historia ya shule hizi ina upande wa pili ambao hausimuliwi mara nyingi siku za sherehe. Ardhi iliyozibeba shule hizo haikuvuna kwa kadiri ya mbegu iliyopandwa juu yake. Vijana walitoka Kilimanjaro, Bukoba, Masasi na Songea, wakasoma juu ya vilima hivi, wakaondoka wakawa waalimu, waganga, mawaziri na maaskofu. Wakati huo huo watoto wengi wa Kizaramo waliozaliwa chini ya vilima hivyo hivyo waliendelea kuzitazama shule hizo kwa mbali. Kwa hiyo, yeyote apendaye kujua jinsi maisha ya shuleni yanavyomjenga mhitimu katika kazi yake na katika utumishi wake kwa jamii, hana budi kuuliza maswali mawili kwa pamoja: shule ilimfanya nini mwanafunzi, na ilihusiana vipi na watu walioizunguka?

Waalimu wa kwanza: Kisarawe na Maneromango

Kazi ya Kilutheri katika pwani hii ilianza mwaka 1887, Mchungaji Johann Jakob Greiner alipofika Dar es Salaam. Miaka miwili baadaye vita vya Abushiri viliharibu kazi za misheni za wakati huo. Mwezi Januari 1889 kituo cha Wabenediktini kilichokuwa Pugu kilishambuliwa na kuteketezwa. Amani iliporejea, misheni ya Kilutheri ilipanda vilimani na kuanzisha kituo cha Kisarawe mwaka 1892, kisha Maneromango mwaka 1895. Mwaka 1903 vituo hivyo vilikabidhiwa kwa Misheni ya Berlin, iliyovitunza hadi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo walikuwamo watu waliokombolewa kutoka utumwani. Jambo hili ni la maana katika kuelewa namna shule ilivyowajenga. Mtoto aliyetekwa bara na kuletwa pwani hakuwa na mjomba wala shangazi wa kumwendea, hakuwa na shamba la ukoo, wala hakuwa na mzee wa kumsemea penye shauri. Kwake yeye shule haikuwa mahali pa kwenda asubuhi na kurudi mchana, bali ndiyo iliyokuwa ukoo wake. Alifundishwa kusoma, kuandika, kuhesabu, Katekisimo na nyimbo. Alilima, akajenga, na alipokomaa aliwekwa kuwafundisha wadogo. Tangu mwanzo, basi, kujua kusoma na kubeba wajibu wa kuwasomesha wengine vilikuwa kitu kimoja. Mhitimu wa shule ya misheni hakuuliza atapata kazi gani, kwa maana kazi ilikuwa imekwisha kumngoja: alikuwa mwalimu siku sita na mwinjilisti siku ya saba.

Jaribio la malezi hayo lilikuja mapema. Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yaliingia Dar es Salaam, na katika miaka iliyofuata wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini. Sharika zilibaki bila wachungaji, na shule zilibaki bila wakuu wala mishahara. Katika Dar es Salaam mtu aliyesimama kuwaongoza Walutheri alikuwa Martin Ganisya, mwalimu ambaye mwenyewe alikuwa ametoka utumwani na kulelewa na misheni. Huko mashambani waalimu wa vijijini waliendelea kuwakusanya watu kwa kadiri walivyoweza. Wamisionari waliporudi katika miaka ya 1920 hawakuanza upya. Vita Kuu ya Pili ilipozuka mwaka 1939 jambo lile lile lilitokea tena: Wajerumani walikamatwa, na Waafrika wakaubeba mzigo, safari hii wakisaidiwa na Walutheri wa Uswidi na Marekani.

Hakuna mtaala wa Kisarawe ulioandaliwa ili kumfundisha mwalimu wa kijiji namna ya kuongoza kanisa lisilo na mchungaji. Lakini tangu utoto wake alikuwa amekabidhiwa mambo: kupiga kengele, kutunza daftari la mahudhurio, kumfundisha mwenzake herufi, kusimamia shamba. Mambo hayo madogo ndiyo yaliyomwezesha kusimama siku ambayo hapakuwa na mtu wa kumwamuru. Hilo ni somo la kwanza ambalo historia ya shule hizi inalitoa, na litaonekana tena mbele.

Pamoja na hayo, malezi yale yalikuwa na upungufu. Kituo cha misheni kilikuwa kama kijiji ndani ya kijiji. Wazaramo waliokizunguka walikuwa wakiingia katika Uislamu kwa wingi, na machoni pao kumpeleka mtoto shule ya misheni kulikuwa sawa na kumtoa abatizwe. Hofu hiyo haikuwa ya bure, kwa sababu misheni yenyewe haikuficha kwamba shule ni mlango wa kanisa. Serikali ya Kijerumani ililitambua tatizo hilo, ikafungua katika miji ya pwani shule zisizofundisha dini ya Kikristo, ya kwanza ikiwa Tanga, ili wazazi Waislamu wakubali kuwatoa watoto wao. Lakini shule hizo zilikuwa za mjini. Katika vijiji vya Uzaramo mzazi alibaki na hiari mbili tu: shule ya misheni, au mtoto abaki na chuo cha Kurani na jembe. Wengi walichagua la pili.

Minaki na Pugu: nchi nzima katika bweni moja

Katikati ya miaka ya 1920 Misheni ya Vyuo Vikuu, yaani Waanglikana wa UMCA, iliihamisha kazi ya chuo chake maarufu cha Kiungani, Unguja, na kuileta Minaki, karibu na Kisarawe. Kiungani kilikuwa kimekwisha kutoa watu wa aina mpya. Mmoja wao, Martin Kayamba, alipokuwa mtumishi wa serikali huko Tanga mwaka 1922, aliongoza kuanzishwa kwa chama cha watumishi wa serikali Waafrika ambacho Wakristo na Waislamu walikaa humo pamoja. Minaki ilirithi sifa hiyo. Ilitoa waalimu, na kandoni mwa shule palikuwa na hospitali ambamo vijana walijifunza kazi ya uganga. Mwanafunzi aliweza kuona kwa macho yake mwenyewe kwamba elimu ya darasani ina mahali pa kwenda: kwa mgonjwa aliyelala kitandani hatua chache tu kutoka darasani.

Pugu ilikuwa ya Wakatoliki. Mwalimu Nyerere alirudi kutoka Edinburgh mwezi Oktoba 1952, akaanza kufundisha hapo mwaka uliofuata. Mwaka huo huo wa 1953 alichaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA, na tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kiligeuzwa kuwa TANU. Kwa muda aliishi maisha mawili. Siku za kazi alisimama mbele ya darasa Pugu. Siku nyingine alishuka mjini, mwendo wa kilomita zipatazo 20, kukutana na wenzake wa chama. Mwezi Machi 1955 alisafiri kwenda New York kuitetea Tanganyika mbele ya Umoja wa Mataifa. Aliporudi ilidhihirika kwamba hawezi kushika yote mawili, akaacha kazi ya ualimu pamoja na mshahara wake. Wanafunzi wa Pugu walioshuhudia jambo hilo walipata fundisho lisiloandikwa katika kitabu chochote: mtu mwenye shahada, katika nchi ambayo wenye shahada walihesabika kwa vidole, alikuwa ameacha nafasi yenye heshima kwa ajili ya jambo la watu wote.

Mkapa, kijana wa Masasi, alisoma Pugu katikati ya miaka hiyo ya 1950 kabla ya kwenda Makerere. Alikuwa mmoja wa wengi. Katika bweni moja alilala Mmakua, Mhaya, Mchaga na Mngoni. Walikula chakula kimoja, wakacheza mpira pamoja, wakagombana na kupatana kwa Kiswahili. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, vijana wa shule kama hizi walikuwa wanajuana kwa majina. Waziri mmoja alimjua katibu mkuu wa wizara nyingine kwa kuwa waliwahi kushika fagio moja. Umoja wa nchi hii una sababu nyingi, na mabweni ya shule chache za kitaifa ni mojawapo.

Lakini bweni lililounganisha nchi lilikuwa pia ukuta kwa majirani. Nafasi zilikuwa chache na zilitolewa kwa mtihani, na waliofaulu walitoka mahali ambapo shule za msingi na za kati zilikuwa zimetangulia. Kwa Uzaramo sababu za kubaki nyuma ziliongezeana. Ilikuwapo ile hofu ya ubatizo. Ilikuwapo ada. Ulikuwapo ukaribu wa Dar es Salaam, ambako kijana aliweza kuuza mkaa, maembe au nguvu zake na kupata fedha bila cheti chochote. Kwa wasichana ilikuwapo mila ya mwali: msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani kwa muda mrefu, na muda huo uliangukia kwenye umri wa kumaliza shule. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Ufini, aliieleza mila hiyo kwa kina na kwa heshima katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu Wazaramo. Hakuna hata sababu moja kati ya hizo iliyotokana na uvivu au uchache wa akili. Palikuwa na sababu za kweli, na shule za mlimani hazikushuka kuzisikiliza.

Kibaha: shule, shamba na zahanati

Mwalimu Nyerere aliandika mwaka 1967 kwamba wakati wa uhuru, mwaka 1961, wanafunzi wa sekondari nchini kote walikuwa 11,832 tu, na kati yao waliokuwa kidato cha sita walikuwa 176. Kwa idadi hiyo Tanganyika ilitakiwa kuendesha wizara, mahakama, hospitali na shule. Ndipo nchi za Nordiki, yaani Denmark, Norwei, Uswidi na Ufini, zilipoungana na serikali katika kazi moja, na mwaka 1963 ukaanza Mradi wa Nordiki wa Tanganyika, mahali paitwapo Tumbi, Kibaha. Mwaka huo huo, mwezi Juni, makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Mambo hayo mawili hayakutokana na shauri moja, lakini yote mawili ni ya kizazi kile kilichoamini kwamba mambo makubwa hujengwa kwa kuunganisha nguvu.

Waanzilishi wa Kibaha walitumwa kupambana na maadui watatu waliotajwa na taifa: umaskini, ujinga na maradhi. Kwa sababu hiyo hawakujenga shule peke yake. Walijenga shule ya sekondari kwa ajili ya ujinga, kituo cha mafunzo ya wakulima kwa ajili ya umaskini, na kituo cha afya kwa ajili ya maradhi. Shule ilianza mwaka 1965. Kituo cha afya kilikua hata kikawa hospitali, ambayo leo ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi. Shughuli za kilimo na mifugo, hasa kuku, zilifika hadi kwenye nyua za wananchi wa Kibaha. Hapa, kwa mara ya kwanza katika eneo hili, shule kubwa ya kitaifa ilijengwa pamoja na milango miwili iliyofunguka kwa jirani: wa mkulima na wa mgonjwa. Zaidi ya hayo, haikuwa shule ya dhehebu. Mzazi Mwislamu wa Bagamoyo au Kisarawe hakuwa na la kuogopa.

Kijana Jakaya Kikwete, aliyezaliwa Msoga katika wilaya ya Bagamoyo ya wakati ule na kusoma Msoga na Lugoba, aliingia Kibaha mwaka 1966 na kumaliza mwaka 1969. Alikuwa mtoto wa Mkoa wa Pwani katika shule ya kitaifa iliyo ndani ya mkoa wake, jambo ambalo miaka ishirini kabla lingekuwa adimu. Miaka minne ile haikuwa miaka ya kawaida. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Rais akawarudisha nyumbani wanafunzi zaidi ya 300. Mwezi Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha. Mwezi Machi ukatolewa waraka wa Elimu ya Kujitegemea.

Waraka huo uligusa moyo wa jambo linalozungumzwa hapa. Mwalimu alilalamika kwamba elimu iliyorithiwa inawatenga wasomi na wazazi wao, inawafanya wajione bora kuliko wakulima wanaowalipia, na inaifanya shule iwe kitu kisichohusiana na maisha ya watu wanaoizunguka. Aliagiza kila shule iwe na shamba, na wanafunzi washiriki kuendesha mambo ya shule yao. Kwa mwanafunzi wa kidato cha pili Kibaha, hayo hayakuwa maneno ya gazetini. Shamba lilikuwa pale. Wakulima watu wazima waliokuja kujifunza walikuwa pale. Wagonjwa waliosubiri tiba walikuwa pale. Mtu anaweza kubishana kuhusu kiasi cha kufaulu kwa siasa hiyo nchini, kwani katika shule nyingi shamba liligeuka kuwa adhabu. Lakini haiwezi kukanwa kwamba kizazi kile kililazimika kujiuliza, kila siku ya jembe, kwamba kinasomeshwa kwa ajili ya nani. Mwaka 1970 mradi ulikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania, ukawa Shirika la Elimu Kibaha.

Njia ya mhitimu mmoja

Kikwete alihitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika uchumi mwaka 1975. Mhitimu wa uchumi wa wakati ule angeweza kutafuta ofisi mjini. Yeye aliingia katika utumishi wa chama, akapelekwa Singida, na baadaye akafanya kazi mikoa mingine pamoja na kulitumikia jeshi. Mwaka 1988 aliteuliwa kuwa naibu waziri. Mwaka 1994 akawa Waziri wa Fedha. Kuanzia mwaka 1995 hadi 2005 alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Na mwezi Desemba 2005 akaapishwa kuwa Rais wa nne.

Si haki kusema kwamba Kibaha ndiyo iliyomfanya Rais. Wengi walisoma naye, wakaishi maisha mema yasiyotajwa popote. Hata hivyo, katika kazi yake lipo jambo moja ambalo yeyote aijuaye Kibaha hawezi kulipita. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulikuwa umeanza mwaka 2004, na katika kipindi chake cha kwanza shule za sekondari za kata zilijengwa kwa kasi isiyokuwa na mfano. Mwaka 2005 nchi ilikuwa na shule za sekondari zaidi ya 1,700. Mwaka 2009 zilizidi 4,000. Wanafunzi waliongezeka kutoka zaidi ya 500,000 kidogo hadi zaidi ya milioni 1.4. Wananchi walichangia fedha, mchanga, matofali na nguvu zao.

Shule ya kata ilikuwa kinyume cha Kibaha karibu kwa kila jambo. Kibaha ilikuwa ya wachache waliochaguliwa. Shule ya kata ilikuwa ya watoto wa pale pale. Kibaha ilikuwa na mabweni, maabara na maktaba. Shule nyingi za kata zilianza na madarasa mawili na waalimu wawili. Kwa Kisarawe na Kibaha maana yake ilikuwa kubwa. Kwa mara ya kwanza binti wa kijijini aliweza kusoma sekondari bila kushinda mtihani wa kugombea nafasi na nchi nzima. Lakini gharama ilionekana upesi. Katika matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa mapema mwaka 2013, takribani watahiniwa 6 kati ya 10 walipata daraja sifuri. Serikali iliunda tume, na matokeo yakapangwa upya. Mlango ulikuwa umefunguliwa, lakini wengi waliopita hawakukuta meza iliyoandaliwa.

Baada ya kustaafu mwaka 2015, Kikwete hakuiacha elimu. Mwaka 2016 aliteuliwa kuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2021 akachaguliwa kuongoza bodi ya Ushirika wa Kimataifa wa Elimu, chombo kinachosaidia elimu katika nchi maskini. Mtoto aliyesomeshwa kwa fedha za mataifa mengine alikuwa sasa anayaomba mataifa yasomeshe watoto wa wengine. Hapo deni la shule linaonekana likilipwa kwa namna yake.

Wasio na majina

Ikiwa historia ingeishia kwa Marais, ingepotosha. Kibaha ilikuwa na wahitimu wa namna mbili, na wa namna ya pili ndio waliobaki. Mwanafunzi wa sekondari alikuja kutoka mbali na baada ya miaka minne au sita akaenda mbali zaidi. Mkulima aliyekuja kwa majuma machache kujifunza kufuga, kulima au kushona, alirudi nyumbani kwake Mlandizi, Soga au Ruvu, akafanya aliyojifunza mbele ya macho ya majirani. Kazi hiyo iliendelezwa baadaye na Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kilichopo hapo hapo. Mafunzo ya mkulima yalikuwa mafupi na cheti chake hakikumpa cheo, lakini faida yake ilikaa karibu. Mafunzo ya mwanafunzi yalikuwa marefu na ya gharama, na faida yake ilitawanyika nchi nzima.

Nchi ilizihitaji zote mbili. Kosa ni kuita moja elimu na nyingine msaada. Yule mwalimu wa Maneromango wa mwaka 1916 alikuwa karibu zaidi na yule mkulima kuliko na waziri: alisoma kidogo, akabaki, na kwa kubaki kwake watu walipata mtu wa kuwasomea barua, kuwaandikia shauri na kuwazikia wafu wao.

Shule za Kanisa na kazi iliyobaki

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizitwaa shule nyingi za madhehebu. Minaki na Pugu zikawa za serikali, na watoto wa dini zote wakaingia bila sharti. Baadhi ya Wakristo walihuzunika, na huzuni yao inaeleweka, kwa kuwa walikuwa wamezijenga kwa jasho. Lakini kwa jirani Mwislamu wa Kisarawe ndiyo siku ambayo ile hofu ya zamani ilipoteza sababu. Seminari ndogo ziliachwa mikononi mwa makanisa, na serikali iliporuhusu tena mashirika kuendesha shule kwa upana, makanisa yalirudi kazini. Mwezi Februari 1992 makanisa na serikali yalitia sahihi Hati ya Makubaliano juu ya huduma za jamii. Leo Seminari Ndogo ya Kilutheri ya Kisarawe ni miongoni mwa shule zinazoendeleza kazi iliyoanza vilimani mwaka 1892.

Kazi haijaisha. Mwaka 2019 Wilaya ya Kisarawe ilianzisha kampeni ya kuinua ufaulu iliyoitwa Tokomeza Zero, na michango yake ikasaidia kujengwa kwa shule ya wasichana. Jina la kampeni lenyewe ni ungamo: wilaya iliyo na Minaki ndani yake, na Pugu mlangoni pake, ilikuwa bado inapigana na sifuri.

Hapo ndipo deni la waliosoma linapopata sura. Mhitimu wa shule hizi, awe Mlutheri au asiwe, hadaiwi tu kurudi siku ya mahafali na kutoa hotuba. Anadaiwa kukaa katika bodi ya shule ya kata na kuhoji maabara imefikia wapi. Kumfundisha hesabu mtoto wa jirani jioni. Kumtetea binti abaki darasani. Kulipa ada ya mtoto asiye wa dini yake, bila sharti. Waalimu wa kwanza wa Kisarawe walifanya hivyo wakiwa na elimu ya miaka michache tu. Waliosoma miaka kumi na sita hawana udhuru wa kufanya pungufu.

Hitimisho

Karne iliyopita inaonyesha kwamba shule humjenga mtu kwa yale inayomkabidhi afanye, na kwa watu inaowaweka mbele ya macho yake. Kisarawe na Maneromango ziliwakabidhi vijana wajibu, nao wakalilinda kanisa bila wachungaji. Minaki iliwaweka karibu na mgonjwa. Pugu iliwaweka karibu na wenzao wa nchi nzima, na karibu na mwalimu aliyeacha mshahara wake. Kibaha iliwaweka karibu na mkulima. Kila moja ilifaulu kwa kadiri ilivyofungua mlango, na ilipungukiwa kwa kadiri ilivyoufunga.

Katika mfano wa mpanzi, udongo ndio unaopimwa, na mbegu ni ile ile. Vilima vya Kisarawe na mabonde ya Kibaha vimepokea mbegu nyingi njema zilizokua na kubebwa kwenda kwingine. Karne ya pili itapimwa kwa mavuno yatakayobaki: idadi ya watoto wa hapa watakaoingia katika shule za hapa, na idadi ya waliosoma watakaokumbuka njia ya kurudi.